Kiporo cha pilau bila kuumwa tumbo: mwongozo kamili, kuanzia sufuria hadi chai ya asubuhi

Kila baada ya Idi, harusi au hitima, swali huja lilelile: "Kiporo nilikipasha mpaka kikatoa moshi, mbona watoto wametapika?" Wanaouliza si watu wachafu. Wengi ni wapishi wazuri kuliko mimi. Ila wote wamekosea mahali pamoja, na si kwenye jiko la asubuhi. Wamekosea usiku uliotangulia, pale sufuria lilipoachwa juu ya mafiga, mfuniko juu, kanga juu ya mfuniko, watu wakaenda kulala.

Mwongozo huu ni wa pilau, biriani, wali mkavu na wali wa nazi uliobaki. Umeandikwa kwa jiko la nyumbani na kwa shughuli ya watu mia.

## Andaa hivi kabla ya kuinjika

- Masinia au trei pana zenye kina kifupi. Sinia la duara lenye upana wa sentimita 50, likijazwa kina cha sentimita 5, hubeba lita kama 10. Piga hesabu yako hapo.
- Kipimajoto cha chakula chenye ncha ya chuma. Ndicho kifaa pekee ambacho huenda huna, na ndicho ningenunua kwanza.
- Beseni kubwa au karai, maji, na barafu. Chupa za maji za lita moja na nusu zilizogandishwa tangu jana yake zinafaa kabisa.
- Mwiko na upawa ambavyo havijagusa nyama mbichi.
- Feni, au baraza lenye upepo, pamoja na kawa au chandarua cha kuzuia nzi.
- Makopo madogo yenye mfuniko.
- Kalamu na tepu ya karatasi ya kuandikia saa.

Kipimajoto kikague kabla ya kukiamini. Kichovye kwenye bilauri iliyojaa barafu na maji kidogo: kisome 0 au karibu yake. Pwani, maji yanayotokota yasome 100. Ukiwa Nairobi utaona 94 hivi. Usikirudishe dukani, ni mwinuko tu.

## Kwa nini moto wa asubuhi hauokoi

Mchele unatoka shambani na bakteria aitwaye Bacillus cereus, mkazi wa udongo. Mambo yakimwia magumu hujifungia ndani ya ganda gumu, hali inayoitwa spora. Spora haifi kwa kuchemshwa kwa kawaida. Unapopika pilau unaua washindani wake wote, unamlainishia chakula, kisha unamwachia joto la wastani. Ni kama kumfagilia nyumba.

Wali ukishuka chini ya nyuzi 60, spora huamka na kuanza kuzaana. Tuseme gramu moja ya wali ina 100, na kila nusu saa idadi inajizidisha mara mbili. Baada ya saa 8 wamefika 6,553,600. Usiku mmoja tu huo, na mfuniko haujafunuliwa.

Wakiwa wengi, baadhi yao hutoa sumu inayoitwa sereulaidi. Hapa ndipo watu wanapokwama: bakteria wenyewe hufa unapopasha, sumu yao haifi. Imejaribiwa maabara kwa nyuzi 121, ambazo sufuria lako halifiki kamwe, na ikabaki vilevile kwa zaidi ya saa nzima. Haina harufu wala ladha, na wali haubadiliki rangi. Kwa hiyo kuonja hakukuambii kitu, na kupasha "mpaka kichemke kabisa" kunakupa sumu ya moto badala ya sumu ya baridi.

Pilau ina jambo la pili, nyama. Kwenye mchuzi mzito na katikati ya minofu anakaa Clostridium perfringens, naye ana spora, hapendi hewa, na kwenye nyuzi 43 hadi 45 anaweza kujizidisha mara mbili kwa dakika kama kumi tu. Sufuria kubwa lililofunikwa linampa vyote viwili.

Kazi yote basi ni moja: kuuvusha wali kutoka nyuzi 60 hadi 5 upesi, bila kuulaza njiani.

## Hatua ya 1: Pima mchele kwa midomo iliyopo

Kilo moja ya mchele mkavu hutoa kilo mbili na nusu hadi tatu za wali. Kama nafasi ya friji lako ni masinia mawili, usipike kiporo cha masinia sita.

Najua heshima ya shughuli ni chakula kubaki. Basi kibaki kikiwa cha moto, kigawiwe majirani kikiwa cha moto. Cha kuzuia ni kile kinachobaki kwa sababu hakuna aliyepanga.

## Hatua ya 2: Osha, chagua, tenganisha

Osha mchele kwa maji salama mpaka maji yapungue weupe. Hili linaondoa vumbi na sehemu ya bakteria, haliondoi spora zote. Mchele ulioloweshwa usikae saa nyingi kwenye joto la jikoni. Ukitaka kulowesha tangu asubuhi, weka kwenye friji.

Viungo navyo: karafuu, mdalasini, pilipili manga na bizari vyote huweza kubeba spora, kwa kuwa hukaushwa chini na kupita mikono mingi. Vitie mapema, vipikwe pamoja na kitunguu. Kunyunyizia bizari mbichi juu ya wali uliokwisha kuiva ni kuongeza wageni.

Watu huniambia karafuu yenyewe ni dawa. Ni kweli mafuta ya karafuu huzuia bakteria kwenye majaribio ya maabara. Karafuu kumi ndani ya sufuria la kilo tano si mafuta ya karafuu.

Mwenye kidonda, jipu au mkono uliokatika asiguse chakula kilichoiva. Kwenye vidonda na puani huishi Staphylococcus aureus, na sumu yake pia haiharibiwi na moto wa jikoni.

Dalili ya kufanikiwa: ubao na kisu cha nyama mbichi vimeoshwa na kuwekwa kando kabla mchele haujaingia sufuriani.

## Hatua ya 3: Pika, kisha ushikilie joto

Nyama iive hadi katikati. Kipimajoto kikichomwa kwenye pande nene zaidi, mbali na mfupa, kisome 70 au zaidi. Wali uive wote, usiwe na kiini.

Baada ya kuiva una njia mbili tu halali: kuupoza upesi, au kuushikilia juu ya nyuzi 60. Kupalia makaa kunafaa sana hapa. Makaa machache juu ya mfuniko na machache chini huweza kuweka pilau juu ya 60 kwa muda wote wa kupakua. Hotipoti nalo linafaa, ila lijazwe wali wa moto sana, na kwanza lisuuzwe kwa maji yanayochemka.

Pima kila saa moja, katikati na pembeni. Pembeni ndiko kunakopoa kwanza.

Onyo: makaa yakifa, saa imeanza kuhesabu. Usiyawashe tena baada ya saa tatu ukadhani umefuta yaliyopita.

## Hatua ya 4: Vunja sufuria

Hii ndiyo hatua wanayoiruka karibu wote.

Mgeni wa mwisho akishapakuliwa, usiende kukaa. Toa wali wote sufuriani ukiwa bado unachoma, uutandaze kwenye masinia kwa kina kisichozidi sentimita 5. Upana wa vidole vitatu vilivyobanwa pamoja unakaribia hapo. Nyama itoe kando kwenye trei yake, minofu minene ikatwe. Ukoko uliogandia chini, ule sasa au upe kuku. Usiukwangue na kuuchanganya na wali unaotunzwa.

Kwa nini kina ni jambo kubwa hivi? Joto la katikati lina njia moja ya kutoka, nayo ni kupita kwenye wali wenzake mpaka ukingoni. Kina kikipungua nusu, muda wa kupoa hushuka hadi karibu robo. Ndiyo maana sinia hupoa ndani ya saa moja na sufuria hupigania usiku kucha.

Niliwahi kulipima hili kwa aibu yangu mwenyewe. Hitima nyumbani, sufuria la kilo 15, tumechoka, tukafunika. Saa kumi na moja alfajiri nikachoma kipimajoto katikati: 41. Baada ya saa nane! Kwa Clostridium huo ni uwanja wa sherehe. Tulichimba shimo tukafukia, na mama mkwe hakunisemesha hadi adhuhuri.

Dalili ya kufanikiwa: dakika 15 baada ya mgeni wa mwisho, sufuria ni tupu na limelowekwa maji.

## Hatua ya 5: Poza, na upepo peke yake hautoshi

Kanuni inayotumika sana kwenye mikahawa ya Marekani inasema chakula kishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 nyingine. Waingereza kwa wali wa nyumbani ni wakali zaidi: upozwe, ikiwezekana ndani ya saa moja, uingie friji.

Sasa angalia ukuta wako. Hewa ya Tanga au Mombasa mwezi wa Machi inaweza kuwa nyuzi 30 mchana na usiku isishuke sana. Hakuna chakula kinachopoa chini ya hewa inayokizunguka kwa kuachwa tu. Aliyeko Arusha mwezi wa Julai anaweza kuegemea upepo wa usiku. Wa pwani hawezi. "Nimeacha kipoe" kwa pwani maana yake ni "nimeacha kikae nyuzi 30", na hapo ndipo bakteria wetu anapozaliana vizuri.

Kwa hiyo poza kwa awamu mbili.

Awamu ya kwanza, upepo (dakika 20 hadi 30). Masinia wazi, chini ya kawa au chandarua, feni ikipiga. Geuza wali kwa mwiko safi kila dakika tano, ukiunyanyua badala ya kuukandamiza. Mvuke unaotoka unaondoka na joto jingi, na wali hautaloana ndani ya friji. Usifunike kwa mfuniko wala kanga. Mvuke ukirudi, joto linarudi nao.

Awamu ya pili, barafu (dakika 20 hadi 30). Mimina maji kwenye beseni, tia barafu au chupa zilizogandishwa, kisha ketisha sinia juu yake ili tumbo la sinia liguse maji. Maji yasiingie ndani ya wali. Endelea kugeuza. Chupa zikiyeyuka, badilisha. Kama sinia ni la plastiki, tarajia muda mrefu zaidi, maana plastiki haipitishi joto kama bati.

Barafu isiwekwe ndani ya wali. Mara nyingi barafu ya dukani haijulikani maji yake yalitoka wapi.

Dalili ya kufanikiwa: kipimajoto katikati ya sinia kinasoma 21 au chini kabla ya saa 2 kuisha tangu ulipoacha moto. Bila kipimajoto: chukua wali wa katikati kwa kijiko safi, weka mgongoni mwa mkono. Uwe wa baridi kabisa. Ukiwa vuguvugu, rudi kwenye barafu. Wali uliojaribiwa hivyo usirudi sinia.

## Hatua ya 6: Friji, lakini si kama kabati

Gawa kwenye makopo madogo ya mlo mmoja mmoja, usijaze hadi juu. Yapange yakiwa na nafasi kati yao, upepo wa baridi upite. Kopo juu ya kopo ni sufuria jipya.

Wali ukae rafu ya juu, nyama mbichi na samaki chini kabisa, damu isije ikadondokea. Friji liwe nyuzi 5 au chini. Weka kipimajoto ndani ya bilauri ya maji, kiache usiku, usome asubuhi. Mafriji mengi ya nyumbani yanayofunguliwa kila dakika yanasoma 9 au 10, na wenyewe hawajui.

Kuhusu ile imani kwamba chakula cha moto huharibu friji: sufuria la kilo kumi linalofuka kweli litapasha maziwa na nyama vilivyomo. Sinia la kina kifupi lililopita kwenye barafu halina madhara hayo. Usisubiri hadi wali uwe "baridi vizuri" mezani, utasubiri mpaka asubuhi.

Andika kwenye tepu siku na saa ya kupika. Kula ndani ya saa 24. Ukijua hutakula kesho, gandisha leo hii, si baada ya siku mbili.

Umeme ukikatika: usifungue mlango. Friji lililofungwa hushika baridi kwa saa 4 hivi. Likipita hapo na wali umepanda juu ya 5 bila wewe kujua tangu lini, usiule. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huweza kushika hadi siku mbili.

## Hatua ya 7: Pasha mara moja tu

Toa kopo la mlo mmoja. Nyunyiza maji vijiko viwili vitatu, vunja madonge, funika, weka moto wa wastani, geuza mara kadhaa. Mvuke utoke kila upande, na katikati isome 75. Kwenye maikrowevu simamisha katikati ya muda, changanya, endelea, kisha acha dakika mbili joto lisambae.

Kazi ya kupasha ni kuua bakteria wachache waliobaki au walioingia kwa mikono. Si kazi yake kufuta kosa la usiku.

Kilichopashwa kikabaki, kitupwe. Na usichanganye kiporo na wali mpya kwenye sufuria moja. Utajua ulianza na nini, hutajua umemaliza na nini.

## Lini utupe bila kubishana

- Wali ulikaa mezani, kwenye sufuria au kwenye hotipoti lililopoa kwa zaidi ya saa 2 chini ya nyuzi 60.
- Hujui ulikaa muda gani. "Nadhani" ni jibu la kutupa.
- Unateleza, una uzi, au unanuka kichachu. Wali wa nazi hufika hapa mapema.
- Ni wa mtoto mdogo, mjamzito, mzee au mgonjwa, na una shaka hata kidogo.

Kumwagia siki au ndimu hakuokoi. Asidi huzuia bakteria ikiingia ndani ya kila punje tangu mwanzo, kama Wajapani wanavyofanya na wali wao wa siki. Kachumbari pembeni ya sahani haifanyi kazi hiyo.

Mtu atasema bibi yake alikula kiporo cha sufuriani miaka sabini. Inawezekana kabisa. Si kila bakteria wa aina hii hutoa sumu, na wengi wanaoumwa hupona siku hiyohiyo wakasingizia mchuzi. Lakini mwaka 2008, Brussels, mwanafunzi wa miaka 20 alikula spaghetti iliyokaa siku tano jikoni bila friji, ikapashwa, akaaga dunia usiku ule. Ini lake lilikuwa limeharibiwa. Ni nadra sana. Kwa sinia na ndoo ya barafu, mimi sichezi bahati nasibu hiyo.

## Kama tayari mtu anaumwa

Tazama saa. Kutapika ndani ya nusu saa hadi saa 6 baada ya kula huelekeza kwenye sumu iliyotengenezwa tayari ndani ya chakula. Kuharisha na tumbo kukata kati ya saa 6 na 24 huelekeza kwa bakteria waliozaana, wa wali au wa nyama.

Mpe maji ya kurudisha chumvi mwilini. Kama huna pakiti ya ORS: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kunywa kidogo kidogo. Antibayotiki haiondoi sumu, usikimbilie duka la dawa kuinunua.

Nenda hospitali ukiona damu, homa kali, macho kuwa manjano, usingizi usio wa kawaida, mtoto asiyekojoa kwa saa nyingi au asiyeweza kushika hata maji. Kumbuka kutaja chakula, saa kilipopikwa na saa kilipoliwa. Kilichobaki kifunge kwenye mfuko na kiweke friji kando; wakikihitaji maabara watakuwa na pa kuanzia.

## Kama huna friji

Basi usihifadhi wali uliopikwa hadi asubuhi. Hakuna ujanja wa kuzunguka hili, na kuweka sufuria ndani ya beseni la maji ya kisimani si friji, ni hewa iliyolowana.

Kinachowezekana ni kupanga tofauti. Pika wali kwa awamu mbili, nusu kabla ya wageni na nusu wakishaanza kula, ili usiwe na sufuria zima usiku. Mchele mkavu uliobaki haudai friji. Karanga, tende, mihogo mibichi, viazi na unga vinaweza kukaa kwa ajili ya asubuhi. Kilichoiva kigawe kabla makaa hayajafa, na mtoto anayepeleka sahani kwa jirani aambiwe maneno haya: "Mama amesema mle sasa hivi, msiweke."